Astrometry.net mikononi mwa mpima ardhi: nilivyotafuta bikoni ndani ya Nebula ya Kaa

Nimepima ardhi kwa miaka 31. Nimepanda bikoni, nimezisoma kwa theodolaiti na baadaye kwa vipokezi vya setilaiti, na nimetia sahihi mamia ya ramani nikithibitisha kwamba kona ya kiwanja ipo hapa, wala si hatua moja kule. Nilipostaafu nilinunua darubini ya kioo cha milimita 200, nikaifungia kamera, na usiku wa kwanza Nebula ya Kaa ilipojitokeza kwenye skrini nikajikuta nauliza swali lile lile la kazini: iko wapi hasa?

Huduma niliyoitegemea kulijibu ni Astrometry.net. Ni tovuti ya bure. Unaipelekea picha yoyote ya nyota, hata kama hujui ulielekeza darubini upande gani, nayo inakurudishia mahali picha hiyo ilipo angani. Nimeitumia kwa miezi minne na kwa picha zaidi ya mia mbili. Naipenda, na nitaeleza kwa nini. Lakini nitaeleza pia ni wapi inakuacha uendelee mwenyewe, kwa sababu nimeona watu wakinakili namba zake za katikati ya picha na kuziita "mahali pa nebula", na hilo linaniuma kama linavyoniuma kuona mtu amepima kiwanja kutoka kwenye mti.

Ukitoka kwenye Kilimia ukaipita nyota angavu ya Dabarani, unafika kwenye pembe mbili za kundinyota la Ng'ombe. Karibu na ncha ya pembe ya kusini, nyota iitwayo Zeta Tauri, kuna ukungu hafifu. Huo ni masalia ya supanova: nyota ililipuka, na wanafalaki wa China waliandika kuonekana kwake tarehe 4 Julai 1054. Iling'aa hata mchana kwa siku 23. John Bevis aliuona ukungu wake mwaka 1731, na mwaka 1758 Charles Messier akaukuta alipokuwa akifuatilia nyotamkia, akaupa namba ya kwanza kwenye orodha yake, ndiyo maana tunauita M1. Uko umbali wa miakanuru 6,500 hivi. Angani una ukubwa wa takriban dakika 7 kwa 5 za tao, na mpaka leo unatanuka kwa kasi ya kilomita 1,500 hivi kwa sekunde.

Kwa ambao hawajazoea vipimo hivi: digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60 za tao. Sekunde moja ya tao ni kama kutazama kitu cha upana wa milimita 5 kikiwa kilomita moja mbele yako. Anga ina longitudo na latitudo zake kama Dunia, ila longitudo huandikwa kwa saa, dakika na sekunde za muda, na sekunde moja ya muda kwenye ikweta ya anga ni sawa na sekunde 15 za tao. Hesabu hii itahitajika baadaye.

Sasa tovuti yenyewe. Iliandaliwa na Dustin Lang, David Hogg na wenzao, na maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2010. Ufundi wake umenivutia kuliko chombo chochote nilichowahi kushika. Programu huokota nyota angavu za picha na kuzipanga nne nne. Katika kila kundi, nyota mbili zilizo mbali zaidi kati yao hugeuzwa kuwa kona mbili za mraba wa kufikirika, na zile mbili zilizobaki husomwa zimekaa wapi ndani ya mraba huo. Zinapatikana namba nne tu. Ukiigeuza picha, namba hazibadiliki. Ukiikuza au kuipunguza, hazibadiliki. Namba hizo hulinganishwa na mafaili makubwa ya faharasa yaliyokwisha kuandaliwa kutoka kwenye orodha za nyota za anga nzima. Zikifanana na kundi fulani, programu haisherehekei bado: inakwenda kuuliza, kama picha kweli iko hapa, je, nyota nyingine zote zimekaa pale zinapotarajiwa? Zisipokuwepo, dai linatupwa. Waandishi waliripoti kufaulu kwa zaidi ya asilimia 99.9 kwenye picha za upimaji wa anga za kisasa, bila jibu hata moja la uongo. Mpimaji yeyote anajua thamani ya chombo kinachokataa kujibu kuliko kinachokisia.

Picha zangu ni za urefu wa fokasi wa milimita 1,000 na kamera yenye pikseli za mikromita 3.76. Kila pikseli basi ni sekunde 0.776 za tao, na picha nzima inafunika karibu digrii 1.35 kwa 0.9. Kwenye ukurasa wa kupakia kuna sehemu ya mipangilio ya ziada ambayo wengi wanaipita. Usiipite. Ukiandika makadirio ya kipimo cha pikseli, na ukiitaja sehemu ya anga na nusu kipenyo cha kutafuta, kazi inapungua sana. Kuna pia chaguo la nani aone picha yako na kwa leseni ipi. Lisome kabla ya kubonyeza. Na kuna kiwango cha kusahihisha upotofu wa lenzi, ambacho kwa kawaida huwekwa 2. Kioo changu hupinda nyota kidogo kwenye pembe za picha, hivyo nilikipandisha hadi 3, na mabaki ya makosa kwenye pembe yakapungua.

Jaribio langu la kwanza halikufaulu, na kosa lilikuwa langu. Nilituma picha ambayo nyota zake zilikuwa vijistari virefu kwa sababu darubini haikufuata mzunguko wa anga sawasawa. Nilirekebisha ufuatiliaji, nikapiga picha 50 za sekunde 60 kila moja, nikaziunganisha, nikatuma faili la FITS, muundo wa picha wanaoutumia wanafalaki, badala ya JPEG. Jibu likaja: longitudo na latitudo ya katikati, ukubwa, kipimo cha pikseli, na mwelekeo wa kaskazini, pamoja na picha iliyoandikwa majina ya vitu vinavyojulikana. M1 ilikuwa imezungushiwa duara. Nilikaa nikiitazama muda mrefu.

Lakini kilichonishika zaidi ni mafaili ya kupakua. Kuna faili la WCS, ambalo ndilo ramani yenyewe: kanuni ya kugeuza pikseli yoyote kuwa longitudo na latitudo. Na kuna faili la corr.fits, lenye orodha ya nyota zilizolinganishwa, kila moja na mahali ilipoonekana kwenye picha na mahali inapotakiwa kuwa. Kwetu wapimaji hiyo ni orodha ya mabaki, karatasi ya kwanza ambayo mkaguzi huomba. Huduma inayokukabidhi makosa yake bila kuombwa inastahili heshima.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Ramani ninayo. Nebula iko wapi?

Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki mbili. Kiwanja kina jiwe la mpaka. Unaweka mguu wa chombo juu yake na mambo yameisha. Wingu halina jiwe. Nilijaribu kutafuta kitovu cha mwangaza, yaani wastani wa pikseli zote zinazong'aa. Nikibadilisha kiwango cha mwanga ninachokiita mwanzo wa nebula, kitovu kilihama zaidi ya sekunde 10 za tao. Nikibadilisha kichujio, kilihama tena, kwa sababu nyuzi nyekundu za gesi hazikai pale pale unapokaa mwanga mweupe wa ndani. Hakuna tovuti itakayokutatulia hilo. Ni lazima uamue unapima kitu gani.

Bikoni ya kweli ipo, nashukuru. Katikati ya nebula kuna nyota mbili hafifu, zimeachana kwa sekunde 5 hivi za tao. Mwaka 1942 wanafalaki Walter Baade na Rudolph Minkowski walielekeza kidole kwa ile ya kusini magharibi kama kiini cha nyota iliyolipuka. Mwaka 1968 mapigo ya redio ya pulsa, yaani kiini cha nyota iliyolipuka kinachozunguka kwa kasi, yaligunduliwa kutoka eneo hilo, na Januari 1969 Cocke, Disney na Taylor wakaonyesha kwamba nyota ile ile inawaka na kuzima pamoja na mapigo, karibu mara 30 kwa sekunde. Fikiria kama mahali pangejulikana kwa dakika nzima ya tao tu: ungekuwa na ukungu mtupu mbele yako. Sekunde 5 ndizo zilizotenganisha kiini na jirani yake.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda. Kwenye kundinyota la Mke wa Kurusi kuna masalia yaitwayo Cassiopeia A, yenye nguvu kubwa ya redio lakini hafifu mno kwa macho. Mwaka 1951 Graham Smith, kule Cambridge, alipima mahali pake kwa redio hadi usahihi wa karibu dakika moja ya tao. Kwa kipimo hicho mkononi, Baade na Minkowski walijua pa kuielekeza darubini kubwa ya Palomar, wakaziona nyuzi zake za gesi. Kipimo kilitangulia, ugunduzi ukafuata. Nilipoisoma habari hiyo niliacha kujiuliza kwa nini ninajisumbua na desimali.

Basi nikaamua: napima pulsa. Ni nyota ya mwangaza wa 16.5 hivi (kwenye kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu), na kwenye picha zangu zilizounganishwa inaonekana vizuri, imetengana na jirani yake. Kitovu chake nilikitafuta kwa programu nyingine ya kupimia picha, ambayo sitaitaja, nikaingiza namba za pikseli kwenye ramani ya Astrometry.net. Jibu lilikuwa limepotoka kwa karibu sekunde 1.5 za tao kutoka kwenye namba inayochapishwa kwenye majedwali mengi, saa 05 dakika 34 sekunde 31.97, na digrii 22 dakika 00 sekunde 52.1 kaskazini.

Sekunde moja na nusu ni pikseli mbili nzima. Kwa nyota iliyo kali kama ile, ni nyingi mno.

Nikafanya nilichofundishwa: ukitilia shaka chombo, kipeleke kwenye alama inayojulikana. Nilichagua nyota kumi kuzunguka nebula, nikachukua nafasi zao kutoka orodha ya Gaia kupitia VizieR, huduma ya kituo cha data za nyota cha Strasbourg ambayo nayo ni ya bure na ni hazina. Setilaiti ya Gaia ilirushwa Desemba 2013, na orodha yake ya tatu, iliyotolewa Juni 2022, ina nyota kama bilioni 1.8. Kwa nyota angavu kiasi, nafasi zake ni sahihi hadi sehemu za elfu za sekunde ya tao, na chini ya hapo. Alama bora kuliko hizo sijawahi kupewa maishani. Nikapima zote kumi. Zote zilipotoka kwa sekunde 1.1, zote upande ule ule, mshazari.

Kosa linaloelekea upande mmoja huwa na sababu moja. Nilichukua kalamu: 0.776 mara mzizi wa 2 ni 1.10. Pikseli moja kulia, pikseli moja juu. Programu ile ya kupimia ilikuwa inahesabu pikseli ya kwanza kuwa 0. Kanuni ya FITS, ambayo faili la WCS linaifuata, huihesabu kuwa 1. Niliongeza 1 kwa kila namba na nyota zangu kumi zikarudi nyumbani, wastani wa makosa karibu na sifuri, zikitawanyika kwa sekunde 0.12 tu. Kama utachukua jambo moja kwenye tathmini hii, lichukue hili: kabla ya kuamini nafasi yoyote, pima nyota inayojulikana kwa njia ile ile, hatua kwa hatua.

Watu huniuliza kuhusu mwendo wa Dunia. Ni kweli, kukimbia kwetu kuzunguka Jua huzisogeza nyota huku na huko hadi sekunde 20.5 za tao katika mzunguko wa mwaka, na angahewa nalo huupinda mwanga. Lakini nyota zilizo jirani kwenye picha moja husogea pamoja, kwa hiyo ukipima kwa kulinganisha nazo, sehemu kubwa ya mambo hayo hujifuta. Mimi hupiga picha nebula ikiwa zaidi ya digrii 45 juu ya upeo wa macho, basi, sihangaiki zaidi.

Mwendo wa nyota zenyewe ni habari nyingine, na hapa hatua ya mwisho niliifanya nje ya tovuti. Nafasi za Gaia ni za mwaka 2016.0, yaani mwanzo wa 2016. Kila nyota ina mwendo wake, mdogo, ila kwa miaka kumi unaanza kuonekana kwenye desimali ya pili na hata ya kwanza. Nikazisogeza nyota za rejea hadi tarehe ya picha, moja baada ya nyingine, kisha nikaipiga upya hesabu ya ramani nikianza na ile ya Astrometry.net. Huu ndio mpaka wa huduma: inakupa ramani safi iliyo tayari kwa kazi nyingi, lakini kwa sehemu ya kumi ya sekunde ya tao inabidi udhibiti mwenyewe nyota zipi zimetumika na za tarehe gani.

Baada ya yote hayo, usiku tatu tofauti, wastani wangu ulikuwa sekunde 31.93 za muda, na sekunde 52.2 za tao kaskazini. Ukilinganisha na 31.97 ya majedwali, pengo ni sehemu 0.04 ya sekunde ya muda, ambayo kwenye latitudo ile ni sekunde 0.56 za tao, kuelekea magharibi. Nyota zangu kumi zilikuwa zimetulia. Nilikuwa nimekwisha kulifuta kosa la pikseli. Usiku wa pili ulikubaliana na wa kwanza, wa tatu ukakubaliana nao. Pulsa peke yake ndiyo ilikuwa si pale.

Nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa nilisimama kutoka kwenye kiti. Namba ile ya majedwali ilipimwa miongo mingi iliyopita. Pulsa ya Kaa inatembea: karibu sehemu 12 za elfu za sekunde ya tao kila mwaka, kuelekea magharibi na kaskazini kidogo. Zidisha kwa nusu karne, unapata sekunde 0.6. Nikaifungua nafasi ya pulsa kwenye Gaia, nikaisogeza hadi tarehe yangu, nikailinganisha na kipimo changu. Tofauti ilikuwa chini ya sekunde 0.1. Mtu mmoja, kioo cha milimita 200 na tovuti ya bure, nimeona kwa macho yangu kiini cha nyota iliyolipuka kikiwa kimehama tangu enzi za ujana wangu.

Na ukiurudisha mwendo huo nyuma hadi mwaka 1054, pulsa inarudi kama sekunde 11 au 12 kutoka ilipo leo. Kwa hiyo mahali pa mlipuko na mahali pa pulsa ni pawili tofauti, na mtu anayeandika "nafasi ya M1" anapaswa kusema ni ipi, na ya mwaka gani. Mwanafalaki Virginia Trimble alipofuata nyuzi za gesi kurudi nyuma, katika kazi yake ya mwaka 1968, zilikutana karibu na mwaka 1140, si 1054, dalili kwamba gesi iliongezewa kasi njiani. Hata tarehe ya mlipuko imefichwa ndani ya vipimo vya mahali.

Astrometry.net ninaipa nyota tano kwa kile inachoahidi: kuiweka picha yako mahali pake angani, bila kukisia, na kukuonyesha makosa yake. Kwa anayetaka kutaja eneo, kupanga picha, au kuhakikisha kwamba kile kijidoa ni kweli M1, ramani yake inatosha na haihitaji kuguswa. Kwa anayetaka desimali ya sekunde ya tao naipa nyota nne, kwa sababu kazi ya nyota za rejea na tarehe zake ni ya kwako, na ukurasa wa matokeo unaonyesha katikati ya picha kwa herufi kubwa kiasi kwamba mgeni anaweza kuidhani ndiyo katikati ya kitu alichopiga.

Ukiwa na picha nyingi, sakinisha programu yenyewe kwenye kompyuta yako. Ni ile ile, inafanya kazi bila intaneti. Pakua mafaili ya faharasa ambayo makundi yake ya nyota yana ukubwa kati ya sehemu ya kumi ya picha yako na picha nzima. Mengine yatajaza diski bila faida. Mimi nimekwisha kuyapakua ya eneo la Mke wa Kurusi pia. Nyuzi za Cassiopeia A ni hafifu na sijui kama kioo changu kitazifikia, lakini darubini nimeishaielekeza huko, saa 23 dakika 23, digrii 58 dakika 48 kaskazini, nasubiri mbingu itulie.